Kalibresheni ya kipima unyevu wa udongo ni nini?

Ni kazi ya kutafuta uhusiano kati ya namba ghafi inayotolewa na kipima na kiasi halisi cha maji kilichomo kwenye udongo fulani. Vipima vingi vya umeme havipimi maji moja kwa moja, bali kigezo cha dielektriki cha udongo mzima, yaani uwezo wake wa kuhifadhi nishati ya umeme. Kwa maji kigezo hicho ni karibu 80, kwa hewa 1, kwa chembe za madini 3 hadi 5. Ndiyo maana maji machache tu yakiongezeka, namba hupanda. Lakini udongo wa mfinyanzi na chumvi huipotosha, hivyo mlinganyo wa kiwandani unaofaa kwa mchanga unaweza kukosea kabisa kwenye mfinyanzi.

Maabarani, udongo hukaushwa kwa hewa, huchekechwa kwa chekeche la milimita 2, kisha hushindiliwa kwenye chombo cha plastiki kipana kuliko eneo linalohisiwa na kipima. Chuma kikiwa karibu huharibu usomaji. Chombo cha lita 5 kwa msongamano wa gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo kinahitaji kilo 6.5 za udongo mkavu. Mililita 250 za maji huongeza unyevu kwa asilimia 5 ya ujazo. Changanya, funika, acha usiku kucha maji yasambae, kisha shindilia upya kwa tabaka hadi alama ileile.

Hapa kwenye kushindilia ndipo kazi nyingi huharibika. Msongamano ukibadilika kati ya hatua moja ya kuongeza maji na nyingine, utadhani unapima maji kumbe unapima hewa. Chomeka kipima wima bila kukitikisa: upenyo mwembamba wa hewa kandokando ya meno yake hushusha usomaji. Soma mara tatu, sehemu tofauti.

Kisha chukua sampuli kwa silinda ya sentimita 100 za ujazo, pima uzito, kausha kwenye oveni ya nyuzijoto 105 kwa saa 24, pima tena. Tuseme ni gramu 151 mbichi na 130 kavu: maji ni gramu 21, yaani asilimia 21 ya ujazo. Ukigawa 21 kwa 130 utapata asilimia 16.2, ambayo ni ya uzito. Kuchanganya hizi mbili ni kosa la kawaida mno, na halionekani kwenye grafu, kwa sababu nukta bado hujipanga vizuri.

Hatua tano au sita, kuanzia udongo mkavu hadi karibu na kushiba, zinatosha kuchora mstari au mkunjo. Joto la chumba lisibadilike muda wote huo, na mlinganyo utakaoupata utumike kwa udongo wa aina hiyo na msongamano huo tu.