Bahari Haina Neno, Angalieni Pasipoti

Mimi ni wakala wa safari, na familia zinazokuja ofisini kwangu hapa Posta, Dar es Salaam, kuulizia safari ya meli ya kitalii haziulizi bei kwanza. Zinauliza, "Hivi haitazama?" Baba huuliza kwa utani, mama huwa hatanii. Siwashangai. Nchi yetu ina ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996, ina MV Spice Islander ya Septemba 2011, MV Skagit ya Julai 2012 na MV Nyerere ya 2018. Ukimwambia mtu aliyezikuta habari hizo redioni akiwa mtoto kwamba asiwe na wasiwasi, umemjibu kama hujamsikia.

Kwa hiyo mimi naeleza. Bukoba, Spice Islander na Nyerere zote zilibeba watu kupita uwezo wake, na baada ya ajali hakuna aliyekuwa na orodha kamili ya waliokuwemo. Kwenye meli ya kitalii kila anayepanda anapigwa picha na kupewa kadi yake, na kadi hiyo inasomwa na mashine kila anaposhuka na kupanda, hata mtoto wa mwaka mmoja. Idadi ya watu inafungwa kwa nafasi zilizopo kwenye boti za uokozi za upande wa chumba chenu. Ndiyo maana wakati mwingine chumba kina vitanda vinne vitupu na kampuni inagoma kumpokea mtu wa nne: boti za eneo lile zimeshajaa kwenye hesabu. Wateja hunikasirikia kwa hilo. Mimi kila likitokea nawaambia hilo ndilo jibu la swali lao la kwanza.

Kuhusu mawimbi, MSC Musica, mojawapo ya meli zilizowahi kufanya msimu wa safari za kutoka Durban, Afrika Kusini, ina urefu wa karibu mita 294, na chini ya maji meli za aina hiyo zina mapezi yanayotoka ubavuni kupunguza kuyumba. Aliyewahi kupita Nungwi kwa boti ya Pemba wakati wa kusi ataona tofauti mara moja. Hata hivyo zipo siku bahari inachafuka na watu wanatapika, tusidanganyane. Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ndicho kinachotikisika kidogo zaidi. Dawa ya kuzuia kichefuchefu inamezwa kabla, kwa sababu ukishaanza kutapika haikai tumboni. Kwa watoto muulizeni daktari kipimo huku huku Dar, maana zahanati ya melini inatoza, na inatoza kweli.

Sasa nije kwenye kinachoharibu safari za familia, ambacho ni karatasi.

Mama mmoja wa Tabata alinipangia mezani pasipoti tano kwa ajili ya safari ya Durban. Alikuwa amezifunga kwa mpira, kila moja na kijikaratasi chenye jina, mtu makini. Nilizifungua moja moja. Ya baba ilikuwa imebakiza miezi mitano, wakati kampuni nyingi za meli na nchi nyingi zinataka isipungue miezi sita. Ya kifungua mimba ilikuwa na majina matatu ila kwenye fomu ya tiketi mama ameandika mawili. Ya tano ilikuwa ya mtoto wa dada yake, na huyo hakuwa na karatasi yoyote zaidi ya hiyo pasipoti. "Dada, lakini huyu ni wangu tu, nimemlea mimi," akaniambia. Namwelewa, na hapa mtaani hakuna atakayemuuliza. Ofisa wa uhamiaji kwenye uwanja wa ndege wa Johannesburg hajui habari za malezi yetu. Anaona mtoto wa jina tofauti anavushwa mpaka na watu wasio wazazi wake.

Kwa hiyo kila mtoto abebe cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mzazi mmoja akibaki nyumbani, abaki ameandika barua ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa wakili, na nakala ya pasipoti yake au kitambulisho iambatane nayo. Mtoto wa ndugu anahitaji ridhaa ya wazazi wake wote wawili, na kama mmoja ni marehemu, cheti cha kifo. Majina kwenye tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwekwe humo humo; zipo bandari na viwanja vya ndege vinavyoidai kwa mtu anayetokea huku kwetu.

Afrika Kusini tunaingia bila viza hadi siku 90, na Msumbiji nako kwa matembezi mafupi hatudaiwi viza. Ndiyo maana msimu wa Durban unapokuwepo, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka, huwa nawasukuma huko watu wa mara ya kwanza: usiku 3 au 4, mnagusa Pomene au kile kisiwa kinachoitwa Portuguese Island, huko Msumbiji, mnarudi. Mkiipenda bahari, mwaka ujao mnakwenda mbali zaidi. Isipowapenda ninyi, siku tatu zitaisha tu. Desemba ndiyo likizo yetu, lakini pia ndiyo likizo ya Wasauzi, kwa hiyo bei iko juu. Tena kipindi hicho ni cha vimbunga katika mlango bahari wa Msumbiji, na kwenye fukwe hizo abiria hushushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka, nahodha anapita bila kusimama. Mkataba unamruhusu, na msitarajie kurudishiwa nauli yenu kwa sababu hiyo.

Ulaya ni habari nyingine. Ada ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Hayo wakala yeyote atawaambia. Linalowakwamisha watu ni idadi ya kuingia. Tuseme meli inatoka bandari ya Piraeus nchini Ugiriki, inakwenda Kuşadası nchini Uturuki, kisha inarudi kwenye visiwa vya Ugiriki. Mkishuka Uturuki mmetoka Schengen, mkirudi Ugiriki mnaingia tena. Viza ya kuingia mara moja imeshatumika, na Uturuki nayo ina masharti yake ya viza. Mfanyakazi wa kaunta bandarini anaziangalia hizo karatasi kabla hamjapanda, na akikuta kasoro anawarudisha na mizigo yenu, nauli ikiwa imeshaliwa. Safari za kuzunguka Ghuba kutoka Dubai zina mtego huo huo: mnatoka Emirati, mnarudi Emirati. Soma ratiba bandari kwa bandari kabla hujalipa hata malipo ya awali.

Siku ya kuondoka haina huruma. Meli haisubiri ndege. Ukitoka Dar asubuhi, ubadilishe ndege Johannesburg, ufike Durban mchana wa siku ile ile, unacheza kamari na pesa ya familia nzima. Nendeni siku moja kabla, mlale. Ni hivyo hivyo mkiwa bandarini katikati ya safari: mkishuka kwa matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe na basi likachelewa, meli itawasubiri au kampuni itajua la kuwafanyia. Mkishuka kivyenu na kuchelewa, mtaiona ikiondoka. Sisemi mnunue matembezi yao kila mahali, ni ghali na mara nyingine yanachosha watoto. Lakini pale ambapo mji uko mbali na bandari, nunueni. "Rome" ya kwenye tangazo ni bandari ya Civitavecchia, kilomita kama 80 kutoka Rome yenyewe.

Sasa pesa. Bei mnayoiona kwenye tangazo ni ya kitanda, chakula cha kawaida na burudani. Kodi za bandari ziulizwe kama zimo. Bakshishi za wahudumu kwa kampuni nyingi zinakatwa kila siku kwa kila kichwa, watoto mara nyingi wakiwemo. Tuseme ni dola 14: watu 4 kwa usiku 7 ni dola 392, karibu shilingi milioni moja ambayo baba hakuiweka kwenye bajeti. Soda na maji ya chupa mara nyingi hulipiwa, na watoto wa Dar na soda mnajuana. Chai na maji ya kawaida kwenye mgahawa mkubwa ni bure. Vifurushi vya vinywaji mimi kwa familia siviungi mkono, maana kampuni nyingi hudai watu wote wazima wa chumba kimoja wavinunue, na bibi anayekunywa chai ya rangi tu analipia mvinyo wa wengine.

Ndani ya meli hakuna M-Pesa wala noti mkononi. Kila kitu kinasomwa kwenye kadi ya chumba na deni linajikusanya. Kadi ya benki mnayoiunganisha lazima iwe imefunguliwa matumizi ya nje, na meli huzuia kiasi fulani kila siku kama dhamana. Kwa kadi ya kawaida yenye salio lenu lenyewe, pesa hiyo inaweza kukaa imezuiwa siku kadhaa baada ya safari kwisha. Kampuni nyingi hupokea amana ya fedha taslimu mapokezi. Kwa wateja wangu wengi hiyo ndiyo nafuu. Waambieni mapokezi wafunge manunuzi kwenye kadi za watoto, au mwanao wa miaka 12 atamalizia amana kwenye michezo ya video. Simu nazo ziwekwe hali ya ndegeni kabla meli haijang'oa nanga. Mkiwa katikati ya bahari, simu inaweza kujiunga na mtandao wa setilaiti wa meli, na dakika zake si za kifurushi cha wiki.

Kadi ya bima ya afya ya NHIF haina kazi humo. Bima ya safari inunuliwe, na isomwe kama inalipia kumtoa mgonjwa melini na kumpeleka hospitali ya nchi kavu, kwa sababu gharama kubwa iko hapo. Mjamzito anayeingia wiki ya 24 kabla safari haijaisha hapokelewi na kampuni nyingi. Mtoto mchanga kwa kawaida lazima awe na miezi 6, na 12 kwa safari zenye siku nyingi mfululizo baharini. Klabu nyingi za watoto huanza miaka 3, tena kwa mtoto aliyeacha pampasi, na kwa kawaida pampasi haziruhusiwi bwawani hata zile za kuogelea. Si kila meli ina mwokoaji kando ya bwawa. Mzazi ndiye mwokoaji.

Kwa Waislamu, chakula halali kiombwe wakati wa kukata tiketi, kwa maandishi, si siku ya kwanza mezani. Kibla kinageuka na meli, kwa hiyo dira ya kwenye simu iangaliwe kila swala. Ugali hamtaupata. Wali upo siku zote, na pilipili beba yako kwenye mzigo mkubwa.

Msibebe pasi ya nguo, birika la umeme, mishumaa wala udi wa kuchoma. Vitu hivyo vitachukuliwa kwenye ukaguzi, maana moto ndio mabaharia wanaouogopa kuliko wimbi. Ekstensheni nazo zinakamatwa.

Kisha kuna zoezi la dharura, ambalo familia nyingi hulifanya huku zimenuna kwa sababu watoto wanataka bwawa. Tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria waliopandia Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitoa saa 24. Tangu Januari 2015 ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. King'ora ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Pitieni njia ya kutoka chumbani hadi kituo chenu cha kukusanyikia kwa ngazi, si kwa lifti, mtoto akiongoza. Muulizeni mhudumu wa chumba jaketi okozi za watoto siku hiyo hiyo; zilizopo kabatini huwa za watu wazima. Na kama mna roshani, viti na meza vikae mbali na reli.

Mizigo mikubwa huchukuliwa bandarini na inaweza kufika mlangoni kwenu jioni. Dawa, nguo za kuogelea, pampasi na karatasi zote zibaki kwenye begi la mkononi. Usiku wa mwisho mambo yanageuka: mizigo inawekwa nje ya mlango kabla ya kulala na hamtaiona hadi bandarini. Acheni nguo na viatu vya asubuhi, maana kila safari kuna baba anayeshuka na suruali ya kulalia. Usiku huo huo nendeni mapokezi mkachukue hesabu, muipitie mstari kwa mstari. Asubuhi foleni inazunguka ukumbi mzima, na ndege ya kurudi msikate inayoruka kabla ya saa saba mchana.