Mhuri wa kitakoni si cheti cha kuzaliwa

Ukipindua chombo cha kauri cha Kichina, kitakoni unaweza kukuta herufi sita za buluu: "Da Qing Kangxi nian zhi", yaani kilitengenezwa enzi za Kangxi wa nasaba ya Qing. Wengi huishia hapo: Kangxi alitawala 1661 hadi 1722, basi chombo ni cha wakati huo, tena cha ikulu.

Sivyo. Mafundi wa Jingdezhen, mji uliokuwa na matanuri ya mfalme, waliandika majina ya wafalme waliokwishapita bila kuona haya. Enzi za Kangxi mwenyewe, vyombo vingi vilipewa jina la Chenghua wa nasaba ya Ming, aliyefariki 1487. Enzi za Guangxu (1875–1908) ikawa zamu ya Kangxi kuandikwa. Si lazima iwe utapeli. Mara nyingi ilikuwa heshima kwa ufundi wa waliotangulia. Utapeli upo pia, na bado unalipa.

Kinyume chake ndicho kinachonifurahisha zaidi. Vyombo vya Dayazhai (jina la mojawapo ya makazi ya ikulu), alivyotengenezewa Cixi, malkia mjane wa nasaba ya Qing, havina jina la mfalme kabisa. Juu, kando ya maua na ndege, yameandikwa majina ya makazi yake. Kitakoni, kwa wekundu, "Yong qing chang chun", dua ya heri isiyokoma.

Kwa hiyo mnunuzi makini husoma mhuri mwishoni. Kwanza hupapasa ule ukingo wa chini usio na mng'ao, akaangalia udongo, uzito na mkono wa mchoraji.