Je, wajua kwa nini rekodi ya straiki ya 1886 haijavunjwa?

Katika besiboli ya zama hizi, rekodi ya kuwatoa wapigaji kwa straiki (mirusho halali ambayo mpigaji ameshindwa kuipiga; tatu humtoa) katika msimu mmoja ni ya mrushaji Nolan Ryan: 383, mwaka 1973. Lakini mwaka 1886 Matt Kilroy wa Baltimore, kijana wa miaka 20 aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, aliwatoa 513. Toad Ramsey wa Louisville alimfuata kwa 499. Huyu alikuwa fundi mwashi. Jeraha la kazini lilimharibu kidole cha shahada, na namna alivyolazimika kuushika mpira tangu hapo iliufanya ushuke ghafla mbele ya mpigaji.

Je, walikuwa wakali kuliko Ryan? Hapana. Kilroy alirusha iningi (vipindi vya mchezo; mechi huwa na tisa) 583, Ryan 326. Kwa kila iningi tisa, Kilroy alitoa takriban wapigaji wanane, Ryan zaidi ya kumi. Timu za wakati ule zilitegemea warushaji wachache sana, na aliyeanza mechi ndiye aliyeimaliza, kwa sababu mchezaji wa akiba aliingia karibu tu pale mwenzake alipoumia.

Lakini wanane kwa mechi bado ni wengi kwa enzi hizo, na hapo sheria zinahusika. Mrushaji alikuwa na kisanduku kilichochorwa chini, mstari wake wa mbele ukiwa futi 50 (mita 15.2) kutoka kwa mpigaji, na ndani yake aliweza kupiga hatua na kuruka kabla ya kuachia mpira. Kurusha mkono ukiwa juu ya bega kuliruhusiwa Ligi ya Taifa 1884, na ligi ya Kilroy, American Association, mwaka mmoja baadaye. Mirusho minne mibovu haikutosha kumpa mpigaji besi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia) bure (kiwango hicho kilikuja 1889), kwa hiyo mrushaji aliweza kumtega kwa mipira ya nje bila hofu kubwa.

Si kila sheria ilimpendelea. Mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini, na mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari haukuhesabiwa straiki. Ligi ya Taifa ilibadili hilo 1901 tu. Halafu mdakaji, anayedaka mpira nyuma ya mpigaji akiwa na glovu nyembamba, akiuangusha mpira wa straiki ya mwisho, mpigaji alikimbilia besi ya kwanza.

Mwaka 1887 mambo yaligeuka. Mpigaji hakutolewa mpaka straiki ya nne, na mrushaji alitakiwa kuanza mguu wa nyuma ukiwa kwenye mstari wa nyuma wa kisanduku, futi 55 na nusu, kisha hatua moja tu. Kilroy alirusha iningi 589, nyingi kuliko mwaka uliotangulia, akatoa 217. Straiki tatu zilirudi 1888. Ule mstari ukabaki.

Mwaka 1893 kisanduku kikaondolewa, kikawekwa kibao cha kukanyagia mguu wa nyuma, futi 60 na inchi 6 (mita 18.4). Wengi husema warushaji walisogezwa futi kumi, lakini ukipima toka mguu wa nyuma ni futi tano tu. Zilitosha: mpigaji alipata muda zaidi wa kuusoma mpira, na Amos Rusie wa New York, aliyetoa wapigaji 341 mwaka 1890, aliongoza ligi kwa 208.