Je, wajua kwa nini mashine ya kufua ikizeeka inafua vizuri lakini inagoma kukamua?

Mashine imejaza maji, imezungusha nguo vizuri, halafu ikifika pale pa kukamua inajivuta mara mbili tatu kisha kimya, ukifungua unakuta mashuka yanachuruzika maji. Wengi hapa Mombasa wakiona hivyo wanasema mota imekufa, na wapo mafundi watakaokubaliana nawe haraka sana kabla hata hawajafungua kifuniko cha nyuma. Sasa kama mota imekufa, hizo nguo zimefuliwa na nani? Mara nyingi mota ni nzima, mashine yenyewe ndio imekataa na ina sababu zake.

Mimi kitu cha kwanza kushuku ni maji. Mashine nyingi hazikamui kama maji bado yamo ndani, na zinajua yamo kupitia kajipaipu kembamba kanakotoka chini ya tangi kwenda kwenye swichi, maji yakipanda yanasukuma hewa, hewa inabonyeza swichi. Kajipaipu kakizibwa na ukoko wa sabuni wa miaka mingi, mashine inadhani imejaa hata kama ni kavu. Ama pampu yenyewe imekwama. Chomoa waya wa stima, weka karai chini, fungua filta polepole, utashangaa: sarafu, pini za mtandio, vifungo, na kama watoto hushinda ufuoni Pirates kila Jumapili basi mchanga wa kutosha. Angalia pia paipu ya kutolea maji huko nyuma, isiwe imebanwa na ukuta.

Halafu kuna mambo ya povu, na hapa kwetu yana kisa chake. Maji ya visima yana chumvi na ni magumu, sabuni haitoi povu, kwa hivyo mtu anazoea kutia nyingi, tena ile ya unga ya kufulia kwa mkono. Siku maji ya mfereji yanaporudi anatia kiasi kilekile, povu linajaa tangi zima, pampu inavuta povu badala ya maji na mashine inagoma. Punguza sabuni, suuza tena, kamuisha upya, hakuna fundi hapo.

Kama maji yametoka yote, tazama mzigo. Dramu ya mashine ya mlango wa mbele ina upana wa kama sentimita 48, ikizunguka mara 1000 kwa dakika kitu kilicho ukingoni kinavutwa nje kwa nguvu zaidi ya mara 260 ya uzito wake, yaani taulo bichi la kilo moja likikaa upande mmoja peke yake linaitikisa mashine kama mzigo wa kilo 260. Ndio maana kabla ya kushika kasi inazunguka polepole kwanza ikijipima, ikiona nguo zimeegemea upande inasimama, inazichanganya, inajaribu tena, ikishindwa inaacha. Blanketi moja peke yake linasumbua kuliko rundo la leso na deira. Na zile shokabzoba zinazoshika dramu zikichoka, mzigo uliokuwa ukipita zamani sasa haupiti. Kandamiza dramu chini uiachie, ikiendelea kunesanesa badala ya kutulia, zimekwisha.

Mota za zamani zina brashi mbili za kaboni ambazo huisha kwa kusuguka, zikibaki fupi stima inashika kwa kusitasita, kufua polepole kunawezekana ila kasi haipatikani. Hubadilishwa zote mbili pamoja na si kazi kubwa, ila mota za inverta, zile mpya zinazoendeshwa kielektroniki, hazina, kwa hivyo ukiambiwa za kwako zimeisha uliza kwanza kama zimo. Kwa tuini tabu, ile mashine ya matangi mawili, la kufulia na la kukamulia, ukisikia mota ya kukamulia inavuma tu bila kuzunguka, chomoa stima kisha zungusha kwa mkono: ikiwa nyepesi shuku kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ikiwa nzito shuku breki au beringi. Kapasita usiiguse mwenyewe, inaweka stima hata ikishachomolewa.

Kinachoniogopesha mimi ni mashine inayonguruma ikikamua kama ndege inayoshuka uwanja wa Moi. Hapo mpira wa kuzuia maji umechoka, maji yameingia kwenye beringi na kutu imeanza. Nyuma ya dramu kuna chuma cha mikono mitatu, kwa kawaida ni aluminiamu iliyofungwa kwenye dramu ya stenlesi, na metali hizo mbili zikikaa kwenye maji ya chumvi na sabuni aluminiamu ndiyo inayoliwa. Shika ukingo wa dramu uinue, ikicheza acha kukamua kabisa hata kama bado inakubali, maana mkono mmoja ukikatika ikiwa kasini dramu inaweza kupasua tangi la plastiki, na mashine kuukuu ikifika hapo mimi namuita mnunuzi wa vyuma chakavu, siyo fundi.