Sisimizi naye hupumzika
Tangu utotoni tunaambiwa sisimizi hapumziki. Si kweli, na jangwani ndiko utakapoona wazi. Kule Arizona, Marekani, sisimizi wavunaji wa mbegu hutoka asubuhi. Jua la kiangazi likipanda hurudi shimoni, na majira ya baridi huwaona kwa nadra tu. Tatizo ni maji: anayezunguka juani hupoteza unyevu, ilhali maji yao hutokana na mafuta ya mbegu hizohizo. Kwa hiyo aliye mlangoni husubiri kwanza, agusane vipapasio na wenzake wanaorudi na mbegu, ndipo ajue kama safari inalipa. Mwaka 2013 mtafiti Deborah Gordon alionyesha kwamba makundi yanayopunguza safari siku za ukame ndiyo yanayozaa makundi mapya zaidi.