Antibiotiki kwa wagonjwa wa nje: dhana potofu na ukweli

Dhana: Anayeandika antibiotiki pasipohitajika hajui dawa.
Mara nyingi anajua vizuri tu. Muulize kuhusu mafua, atakwambia ni virusi, na antibiotiki huua bakteria tu. Lakini foleni imefika mlangoni, majibu ya maabara hayatoki leo, na mgonjwa akizidiwa usiku atakayelaumiwa ni tabibu. Ndiyo maana semina peke yake haibadilishi mengi. Utafiti uliofanyika Marekani ulionyesha kuwa kadiri zamu inavyosonga, ndivyo antibiotiki zinavyoandikwa zaidi kwa maradhi yaleyale ya njia ya hewa. Elimu haipungui kati ya asubuhi na adhuhuri. Kinachopungua ni nguvu za kueleza.

Dhana: Wagonjwa ndio wanaozidai.
Wapo. Ila tabibu huhisi anadaiwa hata pale mgonjwa alipotaka kujua tu anaumwa nini. Mwambie kikohozi cha mkamba huweza kuchukua wiki 3 kuisha, na kwamba arudi haraka akianza kupumua kwa shida. Wengi huridhika.

Dhana: Kohozi la kijani ni bakteria.
Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu, na virusi navyo huziamsha. Kwa mtoto mwenye kikohozi, badala ya rangi hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Ni za haraka, dalili ya nimonia, zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa miezi 12 hadi 59. Wenye haraka huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Ukikosea pumzi 2 tu, zimekuwa 8: mtoto wa miaka miwili mwenye pumzi 36 anaandikwa 44, na nimonia asiyokuwa nayo.

Dhana: Malaria ikikosekana, basi ni bakteria au taifodi.
Kipimo hasi hakijataja bakteria yeyote. Widali, kipimo cha damu cha taifodi, nayo huweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani au chanjo.

Dhana: Sindano ndiyo dawa yenyewe.
Tangu 2017, Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu. Amoksilini imo katika kundi la kutumiwa kwanza. Seftriaksoni, ambayo ni ya sindano, imo katika lile la kutumiwa kwa uangalifu. Lakini vidonge vya amoksilini vikiisha stoo, kilichobaki rafuni ndicho kitakachoandikwa. Kabla ya kumgombeza tabibu, tazama leja ya dawa.