Kengele ya Termux ni nini, na kwanini simu inatetemeka ukifuta herufi

Mdogo wangu anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu, kompyuta bado hatujajaaliwa, kwahiyo kila kitu anakifanyia ndani ya Termux, ile apu inayokupa teminali ya Linux kwenye Android, yani kioo cha kuandikia amri. Chumba chetu hapa Makorora, Tanga, tunalala watatu, na kaka yetu mkubwa anaamka alfajiri kuwahi bandarini. Sasa usiku dogo simu kailaza juu ya meza ya mbao, anaandika, akikosea anafuta, na akifuta mpaka mstari ukabaki mtupu kidole bado kiko kwenye kitufe simu inatetemeka vrrr, meza nzima inaitikia, kaka anageuka kitandani anasema we mtoto lala. Akashusha sauti mpaka sifuri, ikaendelea. Akazima notifikesheni za Termux kwenye setingi za Android, ikaendelea vilevile. Akanifata, "kaka, hii simu imeharibika?"

Haijaharibika. Ile ndo inaitwa kengele ya teminali, na kinachochanganya watu ni kwamba wanaifikiria kama mlio wakati yenyewe ni herufi. Ndio, herufi, kama A au B, ila hii haichorwi kwenye kioo. Programu ikiituma, teminali inapoipokea inaelewa kwamba imeambiwa mshtue mwenyewe aangalie, basi, hakuna zaidi ya hapo. Ni kama kengele ya baiskeli, na Tanga hii nani asiyeijua kengele ya baiskeli: anayetaka kupita anapiga kriing, muuza samaki kule Ngamiani anapiga kriing, rafiki yako akikuona barabarani anapiga kriing ileile, kengele haikwambii kuna nini, inakwambia geuka.

Na asili yake ilikuwa kengele ya kweli kabisa. Zile mashine za zamani za kupelekeana maandishi kwa waya, teleprinta, zilikuwa na kengele ndani, mtu wa upande mmoja akituma ile alama, mashine ya upande wa pili inalia ili mwenzake aje asome. Marekani walipotoa orodha ya herufi za kompyuta ya ASCII mwaka 1963 wakaiweka humo, namba 7, na ipo mpaka leo. Ndo maana kwenye kibodi inaandikwa kwa Ctrl na G, hesabu A, B, C, utaona G ni ya saba. Kwenye Termux andika printf '\a' ubonyeze enta, simu itatetemeka. Kwenye Python ni print("\a"), dogo alipoijaribu akacheka maana aliona kioo hakijaandika kitu ila simu imeshtuka.

Kwahiyo hapa kuna watu wawili, anayetuma na anayepokea, na ukishawatenganisha hao umemaliza nusu ya kazi. Anayetuma kwa dogo alikuwa bash, yani ile programu inayosoma unachoandika, ukiiambia futa na hakuna cha kufuta inapiga kengele, ukibonyeza Tab ikamilishe jina la faili ikakuta majina mawili yanayofanana mwanzo inapiga kengele. Anayepokea ni Termux yenyewe, nayo isipoambiwa kitu inatetemesha simu. Kushusha sauti hakukusaidia kwa sababu haikuwa sauti, na kuzima notifikesheni hakukusaidia kwa sababu haikuwa notifikesheni.

Wengi watakwambia uzime kwa mpokeaji. Unafungua faili la setingi kwa programu ya kuandikia, nano ~/.termux/termux.properties, unatafuta mstari wa bell-character, unatoa ile alama ya reli (#) mbele yake, unaandika bell-character = ignore, unasevu, alafu termux-reload-settings. Ukitaka ilie badala ya kutetemeka weka beep, ukitaka irudi ilivyokuwa weka vibrate. Inafanya kazi, sikatai, ila mi siipendi njia hii kwa mtu anayejifunza, maana umeziba masikio kabisa na hata kengele unayoihitaji hutoisikia.

Mi nilimwambia amnyamazishe anayetuma. Mstari mmoja tu, echo 'set bell-style none' >> ~/.inputrc, unafunga unafungua upya, bash inaacha kelele zake za kufuta na Tab, na Termux inabaki na masikio yake. Anayetumia vim, programu nyingine ya kuandikia mafaili, nayo ina kelele zake, huko unaweka set belloff=all kwenye ~/.vimrc.

Faida yake unaiona kwenye kazi ndefu. Dogo akitaka kusasisha programu za ndani ya Termux na mtandao unasuasua anaandika pkg upgrade -y; printf '\a', anakaa pembeni anakunywa chai, ikiisha meza inamwita. Hapo kati angalia sana: ukiweka nukta na mkato kengele inalia hata kazi ikifeli, ukiweka && inalia ikifanikiwa tu. Mi natumia nukta na mkato, kazi iliyofeli ndo nataka kuijua mapema zaidi.

Ila kengele hii inakushtua Termux ikiwa wazi mbele yako, ukihamia WhatsApp haikufuati. Kwenye menyu ya Termux kuna sehemu ya kuacha kioo kisizimike, hiyo inasaidia ukiwa umeilaza tu mezani. Ukitaka uitwe ukiwa kwenye apu nyingine inabidi utume notifikesheni yenyewe, unaweka apu ya Termux:API, alafu pkg install termux-api, kisha mwisho wa kazi yako unaandika termux-notification --title "Tayari" --sound. Hiyo sasa inapita kwa Android, inatii setingi za simu kama apu nyingine yoyote, kwahiyo dogo ikabidi arudi kule kwenye setingi ahakikishe notifikesheni za Termux:API zimewashwa, na akaziwashe tena na zile za Termux alizozizima usiku ule bila kosa lolote.